Kuchora ukuta wa mtaa Lamu: mchezo uko kwenye chokaa

Mtaa ukikaa kupanga mchoro wa ukutani, wa Mkomani au wa Langoni, maneno mengi huwa juu ya picha: tuweke jahazi, tuweke mlango wa nakshi, tuweke matwari ya maulidi. Ukuta wenyewe hauulizwi. Na ukuta ndio utakaoamua picha idumu au imwagike.

Nyumba za zamani hapa ni mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hii hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje polepole. Ukiupaka rangi ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya rangi, malengelenge hutokea, na yakipasuka hubandua plasta pamoja na picha. Kuziba kwa saruji kabla ya kuchora ni kuongeza maradhi. Basi ikija kampuni na ndoo za bure na nembo yake pembeni, shukuruni, mkatae.

Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na majengo ya kale nchini yanalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Kwa hiyo kabla ya brashi ni barua: idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, kisha ofisi ya Makumbusho ya Taifa, mkiwa na mchoro mdogo na picha ya ukuta ulivyo sasa.

Vichochoro vyetu ni vyembamba, mtazamaji hawezi kurudi nyuma hatua kumi. Picha pana ya bandari haitaonekana. Itaonekana vipande vipande, kwa upande. Kinachofaa ni mapambo ya wima, mfano wa zidaka (vishubaka vya ukutani vya nyumba za kale), au ukanda mrefu anaoufuata mtu akitembea. Anzieni mita 1.2 kutoka chini. Chini ya hapo ni shogi za punda, yaani vikapu vya mizigo, na unyevu unaopanda. Jukwaa la boriti nalo liache nafasi ya punda mwenye mzigo kupita, la sivyo siku ya kwanza tu mtagombana na mtaa mnaousifu.

Ruwaza zichukuliwe mtaani penyewe. Kwenye mlango wa nakshi, shikilieni karatasi nyembamba kwa mikono, bila gundi, mpitishe kipande cha mkaa kilichochongwa ubavu. Umbo la mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na maua yake litajitokeza. Kuza kwa miraba: sentimita 5 kwenye karatasi hiyo iwe 20 kwenye karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Kisha toboeni mistari kwa sindano kila nusu sentimita, na hapa mshonaji kofia atawashinda wote. Bandikeni ukutani, gongagongeni na kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Sura za watu, hasa karibu na msikiti, ziacheni. Aya za Qurani pia zisiwekwe mahali zitakaposuguliwa na mizigo. Shairi la Kiamu, lahaja ya Lamu, likiandikwa, libaki kwa Kiamu. Mwanafunzi asije akaligeuza kuwa la kitabu cha shule.

Sasa chokaa. Mwagieni ukuta maji kwanza: yakinyweka, vema, yakitiririka kwa matone, pana rangi ya plastiki chini na ni lazima ikwanguliwe yote. Loweka chokaa katika maji baridi ya kunywa, si ya bahari wala ya kisima chenye chumvi, angalau siku nzima. Wiki ni bora. Chuja kwa kitambaa, zimua mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Kwa ukuta wa mita 6 za mraba, mikono minne (yaani kupaka mara nne), kilo 5 za chokaa zatosha na kubaki. Rangi ni udongo au ile oksaidi ya sakafu inayouzwa dukani kwa pakiti, isizidi gramu 100 kwa kilo ya chokaa, maana ikizidi haishiki. Rangi msiyoijua, changanyeni kijiko kimoja na chokaa mkaiache hadi kesho. Ikigeuka, tupeni. Na msiiamini ndooni: ikikauka hupauka sana, kwa hiyo jaribuni kwenye jiwe kwanza.

Lowesheni ukuta kabla ya kila mkono, pakeni nyembamba, na mpishe siku moja kati ya mkono na mkono. Kosa la kawaida ni kupaka nzito ili kumaliza upesi, hupasuka. La pili ni kupaka jua kali la kaskazi: chokaa hukauka kabla haijashika, na ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Fanyeni asubuhi mapema au baada ya alasiri, na si masika. Watoto wapewe karatasi, mkaa na sindano, chokaa waachiwe wakubwa wenye glavu na miwani, kwani huunguza macho. Ikimwingia mtu, oshea maji safi mengi na kumpeleka hospitali.

Chokaa iliyobaki ifunikwe na maji sentimita chache juu yake ndani ya ndoo yenye kifuniko. Hukaa miezi bila kuharibika, na mkono mmoja wa kufufua rangi utahitajika mara kwa mara. Andikeni vipimo vya kila rangi kwenye daftari, mbandike na kipande cha jiwe kilichojaribiwa, kisha ndoo na daftari vikae kwa mtu mmoja anayejulikana.