Wazee wa roki wastaafu?

Albamu ya Hackney Diamonds ya Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, ilipotoka 2023 nilibisha sana. Mwimbaji wao Mick Jagger miaka 80! Kabla ya hapo, albamu yao ya mwisho ya nyimbo walizotunga wenyewe ilikuwa ya 2005. Nikasema wazee wapumzike. Mdogo wangu akacheka: "Kaka, mbona Msondo Ngoma huwaambii waache?" Nikakosa jibu. Msondo wapo tangu 1964, na wakipiga wimbo mpya mimi ndio wa kwanza kwenda kununua soda.

Jana kwenye daladala nimeisikiliza tena Hackney Diamonds. Nyimbo mbili zina ngoma alizopiga Charlie Watts, mpiga ngoma wao, kabla hajafariki 2021. Hapo nilinyamaza. Ningepunguza nyimbo mbili tatu (wazee hawajui kufupisha), ila wangeacha mapema, hizo mbili za Charlie tungezisikia wapi?