2,147,483,647

Leo kihesabio cha programu kimegonga 2,147,483,647. Ikaongezwa moja tu, kikasoma −2,147,483,648. Kosa la kila siku la biti 32 (namba inapohifadhiwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1): biti ya mbele ndiyo inayobeba alama ya hasi.

Lakini itazameni namba yenyewe. Ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe!

2 kwa kipeo 31, toa 1. Mwanahisabati Euler alithibitisha kuwa ni tasa mwaka 1772, macho yakiwa karibu yamepofuka.

Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, kwa hiyo kujaribu vigawo hadi hapo kunatosha. Na kigawo chake chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Hapo maelfu ya namba tasa za kujaribu yanaporomoka, hazifiki hata mia.

Ya kwanza ni 311. Gawa: inabaki 35. Haya, rukia 1,303...

Kipeo chenyewe, 31, ni tasa. 11 nayo ni tasa, ila 2 kwa kipeo 11 toa 1 si tasa. Nani ataweka vigawo vyake hapa? Bila kikokotoo jamani 😄