DVD ya harusi kwenda MP4: acha 25 ibaki 25

DVD nyingi zilizorekodiwa hapa Dodoma, iwe ya harusi, kipaimara, kwaya au ngoma ya muheme, ziko kwenye mfumo wa televisheni wa PAL: picha ya 720 kwa 576, fremu (picha tuli) 25 kwa sekunde. Programu za kubadilisha video nazo mara nyingi huja zimetegwa 30 au 29.97, namba za mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani. Ukibonyeza tu bila kuangalia, faili litatoka na litacheza, ila bibi harusi ataingia ukumbini kwa kushtukashtuka.

Ni hesabu. Ili 25 zifike 30, programu inarudia fremu 5 kila sekunde. Utaliona hilo hasa kamera inapozungushwa taratibu. Sauti haihami, ndiyo maana lawama huangukia simu au kompyuta.

Kibaya zaidi ni fremu zilezile kuandikiwa kasi nyingine. Saa moja ya PAL ina fremu 90,000. Zikichezwa kwa 23.976 zinachukua dakika 62 na sekunde 33 na kitu. Wimbo umekwisha, wanakwaya bado wanafumbua midomo. Hata kuchanganya 29.97 na 30 huachanisha sauti na picha kwa sekunde 3.6 kila saa.

Kwa hiyo anza kwa kuiuliza diski. Nakili folda ya VIDEO_TS kwenye kompyuta (diski ikiwa na vumbi, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe), kisha fungua VTS_01_1.VOB (mafaili ya VOB ndiyo yenye video) kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili. VTS_01_0.VOB iache, hiyo ni ya menyu. Soma "Frame rate" (kasi ya fremu) na "Scan type" (jinsi picha ilivyopigwa). Kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ifungue folda nzima badala ya VOB moja moja, maana video imekatwa vipande visivyozidi GB 1 na kuviunga kwa mkono huvuruga muda. Kwenye Video chagua "Same as source" pamoja na "Constant Framerate". Ukiacha "Variable", baadhi ya programu za kuhariri zitakuachanishia sauti na picha baadaye.

Sasa "Scan type" ikisema Interlaced, na kwa kamera za kanda za Mini-DV ndivyo itakavyosema, kila fremu imebeba nusu mbili zilizopigwa nyakati tofauti: mistari ya shufwa na ya witiri. Ni matukio 50 kwa sekunde. Usipozitenganisha, mikono ya wachezaji inaota meno ya kitana. Deinterlace (kuondoa mistari hiyo) ya kawaida inakupa 25, safi lakini nusu ya mwendo imetupwa. Kwa hotuba inatosha. Kwa muheme au watu wanaoserebuka, chagua Bwdif (njia mojawapo ya deinterlace) na "Bob" (kila nusu inakuwa fremu yake), kisha weka 50 mwenyewe kwenye kasi ya fremu. Faili litakuwa kubwa zaidi. Mwendo huo unastahili.

Picha ikiruka mbele na nyuma baada ya Bob, mpangilio wa nusu umesomwa kinyume. DV huanza na nusu ya chini, na DVD iliyotengenezwa kutoka humo inaweza kubeba alama isiyo sahihi. Kwenye ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, unalazimisha hivi: bwdif=mode=send_field:parity=bff.

Filamu za sinema kwenye diski za NTSC ni habari nyingine: zilipigwa kwa fremu 24, zikanyooshwa kufika 29.97. Hizo washa "Detelecine" (inaondoa fremu zilizoongezwa) na uzirudishe 23.976; ukizipitisha kwenye deinterlace unaziharibu bure.

Kabla ya kumkabidhi mteja flashi, linganisha urefu wa faili na wa diski, kisha ruka moja kwa moja hadi dakika tano za mwisho na utazame midomo. Mwanzoni kila kitu huonekana sawa.