Antiklini na Sinklini

Jana jioni, hapa Umoja, nilikuwa nikimsaidia mpwa wangu wa kidato cha nne kudurusu Jiografia, naye akataka nimweleze kwa nini mkunjo wa miamba ulioinuka huitwa antiklini. Istilahi hiyo imetokana na Kigiriki: anti ni kinyume na klino ni kuinama, kwa sababu matabaka ya pande mbili huteremka yakipeana mgongo, ilhali sinklini, yaani mkunjo uliobonyea, ina syn, maana yake pamoja, kwa kuwa matabaka yake huteremka yakielekeana.

Alichokataa kukubali, nami sikumlaumu, ni kwamba antiklini si lazima iwe mlima. Miamba ya utosini mwa mkunjo huvutwa ikapasuka, mmomonyoko huipata kwa urahisi, na baada ya mamilioni ya miaka huweza kubaki bonde palipokuwa na mwinuko, huku matabaka ya kale zaidi yakijitokeza katikati. Kilele cha Snowdon, kule Wales, kimo katika sinklini! Kitambulisho basi ni umri wa matabaka, wala si sura ya ardhi. Wachimbaji wa mafuta hulizingatia sana umbo la antiklini, kwani Ghawar, eneo kubwa la mafuta nchini Saudia, ni antiklini ambamo mafuta yalipanda yakanaswa chini ya tabaka lisilopenyeka.

Nairobi yenyewe haimsaidii mwanafunzi, maana lava zetu zimelala karibu bapa. Likizo ikifika tutaelekea Machakos, kwenye miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda mrefu wa miamba unaopita mashariki mwa Afrika, iliyokunjwa ikakunjwa tena.