Kikao cha ukoo cha Wamaori: wataalamu watoke nje

Ofisa ustawi wa jamii anayeingia kwenye kikao cha ukoo, ambako ndugu hukaa kuamua namna ya kumlinda mtoto wao, akiwa na mpango uliokwisha kuchapwa, ameshakiharibu kikao kabla hata ya dua ya kufungulia. Wazee watamsikiliza kwa adabu, watatia saini, watakula chakula kilichoandaliwa, na baada ya mwezi mmoja mtoto atakuwa palepale alipokuwa. New Zealand iliweka kikao cha namna hii kwenye sheria mwaka 1989, na kosa hili halijaisha hadi leo.

Sheria hiyo ilitanguliwa na ripoti iitwayo Pūao-te-Ata-Tū, ya kamati iliyoongozwa na mzee John Rangihau. Kamati ilisikiliza malalamiko ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, nchi nzima: watoto wanachukuliwa na serikali, wanapelekwa kwa wageni au kwenye vituo, na hakuna anayewauliza babu, shangazi wala wazee wa kabila. Tangu 1989, ukiacha hali chache za dharura, mahakama haiwezi kutamka kwamba mtoto anahitaji ulinzi wa dola kabla ukoo wake haujakaa kikao. Whānau, yaani familia pana, ina nafasi yake kisheria, na vilevile hapū, ambao ni ukoo, na iwi, ambalo ni kabila.

Fikra ya usalama wa kiutamaduni nayo ilizaliwa hukohuko, kwa wauguzi wa Kimaori. Mmoja wao, Irihapeti Ramsden, aliipigania tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi likaiingiza katika mafunzo. Wengi hudhani maana yake ni kujifunza mila za mgonjwa. Ramsden alidai jambo gumu zaidi: mtoa huduma ajichunguze yeye mwenyewe na mamlaka aliyoshika, na mwenye neno la mwisho kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Unaweza kujua salamu zote za Kimaori na bado ukawa hatari kwa mtoto.

Sasa kikao chenyewe. Kazi kubwa hufanyika kabla ya siku yenyewe, na mwenye kazi hiyo ni mratibu, ambaye si ofisa aliyepeleka kesi. Anachora mti wa ukoo hadi kwa mababu, pande zote mbili. Upande wa baba ndio unaosahaulika mara nyingi, hasa wazazi wakiwa wameachana, na hasara yake huonekana baadaye: mtoto anapewa walezi waliochoka wa upande mmoja huku shangazi watatu wa upande wa pili hawajui kama kuna tatizo. Mratibu anawauliza ndugu wanataka kukutana wapi na lini, na nani awepo. Kama wanataka kukutana kwenye marae, uwanja na nyumba ya mikutano ya ukoo, basi ni huko. Ofisi ya ustawi ni mahali pabaya kwa bibi ambaye ndugu zake walichukuliwa na idara hiyohiyo akiwa mdogo. Nauli za wanaotoka mbali zipangwe mapema, chakula kiwepo, na itengwe siku nzima. Kikao cha saa moja na nusu katikati ya miadi mingine ni kuwapotezea watu muda.

Siku ikifika, kunaanza dua, kama ukoo unataka, kisha salamu na utambulisho. Kila mtu anasema ametoka wapi: mlima wake, mto wake, wazee wake. Ofisa naye anajitambulisha kama mtu na si kwa cheo tu. Baada ya hapo wanaojua habari za mtoto, yaani daktari, mwalimu, polisi, wanaeleza wanachokijua. Hapa lugha ni kila kitu. "Ana changamoto za kihisia" haimsaidii mjomba kuamua lolote. "Halali usiku, hajala chakula cha mchana shuleni wiki nzima, na mara mbili amesema hataki kuishi" inamsaidia. Ndugu waulize maswali mpaka waishiwe.

Kisha wataalamu wote wanatoka. Sheria inasema hivyo wazi: wasio ndugu hawana haki ya kubaki wakati ukoo unajadiliana, mpaka waalikwe. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha mpango mzima, na ndicho kinachochakachuliwa kwa urahisi. Ofisa anachungulia mlangoni baada ya dakika ishirini kuuliza kama wamemaliza. Au anabaki "kwa ajili ya kusaidia", na wazee wanaacha kusema yale ya ndani: nani anakunywa, nani ana deni, nani hapatani na nani tangu msiba wa mwaka juzi. Bila mambo hayo mpango utajengwa juu ya uongo. Mwache mtu mmoja karibu wa kujibu swali likitokea, wengine waende wakanywe chai.

Wakirudi, ndipo mpango unaandikwa. Sentensi mbovu ni hii: "Familia itahakikisha mtoto anapata ushauri nasaha." Nzuri ni hii: mjomba wa upande wa mama atampeleka kliniki kila Jumanne alasiri, mafuta ya gari yatalipwa na idara, bibi mzaa baba atalala naye usiku ambao mama yuko zamu, mwalimu wa darasa atampigia bibi simu mtoto asipofika shule, na tutakutana tena baada ya wiki nane. Kila jambo lina jina la mtu, siku, na mfuko utakaoligharimia. Lililokosa kimojawapo mara nyingi halifanyiki.

Kuna wanaohofia kwamba ukoo utamficha mkosaji. Hofu ya haki. Mratibu ana mamlaka ya kumzuia mtu ambaye kuwapo kwake hakumfai mtoto, na maoni ya mtu huyo yanaweza kuletwa kwa njia nyingine. Mtoto naye ana haki ya kuwepo, isipokuwa ionekane itamdhuru au bado ni mdogo mno. Asipokuwepo, awe na mtu wa kusema maneno yake kama alivyoyasema. Yanayosemwa kikaoni hayatumiki kama ushahidi mahakamani, kwa hiyo polisi asiende pale kuvua habari.

Upande wa afya ya akili, kipimo kinachotumika sana ni Te Whare Tapa Whā, alichokitunga daktari wa magonjwa ya akili Mason Durie miaka ya 1980: afya ni nyumba ya kuta nne, yaani mwili, akili na hisia, roho, na familia. Ukuta mmoja ukiinama, nyumba yote inainama. Kwa vitendo maana yake ni kwamba humalizi kumpima mtoto kwa kuuliza dalili za huzuni peke yake. Anza na masikio. Maji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio huwapata watoto wa Kimaori zaidi ya watoto wazungu wa nchi hiyo, na mtoto anayeitwa mkaidi darasani wakati mwingine hasikii tu. Ndipo uulize anaongea lugha gani nyumbani, mara ya mwisho alikwenda lini kwao, nani amefariki.

Kosa la kliniki linaloumiza zaidi ni kutoijua whakamā. Mtoto aliyeingiwa na hali hii, mchanganyiko wa aibu na kujiona duni, anainamisha kichwa, anajibu neno mojamoja au hajibu kabisa. Faili inaandikwa "hatoi ushirikiano" au "dalili za mfadhaiko". Ukimkazia macho na kurudia swali unamzamisha zaidi. Kaeni ubavu kwa ubavu, mikono iwe na kazi, na kaka au binamu mkubwa awepo. Jibu linaweza kuja mara ya tatu mnapoonana, na si kosa.

Lingine: mtoto anasema amemwona babu yake aliyekufa au amemsikia akimwita. Kwa Wamaori wengi jambo hilo lina nafasi yake na halimtishi mtu. Kabla ya kuandika neno saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, waulize wazee wa familia kama wanaliona la kawaida, kama mtoto anaogopa, na kama bado analala, anacheza na kusoma. Sauti inayomwamuru ajidhuru, au mtoto anayevurugika siku hadi siku, ni dharura katika utamaduni wowote. Hapo huduma ya haraka na mzee wa familia viende pamoja, kimoja kisisubiri kingine.

Madogo madogo nayo yana uzito. Kichwa ni kitakatifu, hivyo omba ruhusa kabla ya kukigusa. Msiba huchukua siku tatu au zaidi na watoto huwapo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usihesabu huo utoro. Mtoto aliyelelewa na bibi kwa utaratibu wa whāngai, huku akimjua vizuri mama yake, hajatelekezwa. Msomaji aliyekulia kwa bibi yake Tanga au Kisumu hahitaji kuelezwa hilo, lakini fomu za ofisini bado zinahitaji.

Siasa ya mambo haya haijatulia. Kifungu cha 7AA cha sheria hiyohiyo, kilichoanza kutumika 2019 na kuibana idara ya watoto iheshimu Mkataba wa Waitangi, yaani mapatano ya 1840 kati ya Wamaori na Uingereza, kilifutwa 2025. Kikao cha ukoo kimebaki. Mpango ukiyumba, tuseme mjomba amehamishwa kazi na Jumanne hana wa kumpeleka mtoto, usikimbilie mahakamani: mratibu anaweza kukiitisha tena, na watu walewale wanaojua kilichokwama ndio wanaokaa kukirekebisha.