Barabara Iliyofichwa Kwenye Picha

Nilipokuwa nasoma Matsuyama, Japani, Jumapili moja ya msimu wa machenza nilipanda treni kwenda Shimonada, kituo kidogo kando ya bahari. Ilikuwa behewa moja la dizeli, maana nyaya za umeme za reli ya Yosan zinaishia njiani, kituo cha Iyoshi. Tangu mwaka 1986, ilipofunguliwa njia fupi ya bara kupitia Uchiko, treni za haraka hukatiza huko. Ufuoni zimebaki za pole pole. Kwa mtu asiye na haraka, hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kituo hakina mfanyakazi. Dereva alipokea tiketi yangu mlangoni, akaondoka. Jukwaa moja, paa dogo, benchi, na mbele yake bahari. Matangazo ya tiketi ya likizo ya Seishun 18 yalikipa umaarufu, basi wapiga picha walikuwa wamejaa, kila mmoja akiinua kamera kidogo ili barabara iliyo chini ya jukwaa isionekane.

Jua lilipozama walikwenda zao kwenye magari. Tukabaki mimi na bibi mmoja mwenye mfuko wa machenza.

"Na wewe umeificha barabara?" akaniuliza.

Nikacheka. Nilikuwa nimeificha.

Akasema utotoni mwake barabara hiyo haikuwepo, mawimbi yalikuwa yanapiga papo hapo chini ya reli. Baadaye bahari ikafukiwa.

"Wageni wananipa pole kwa ajili ya barabara," akasema. "Mume wangu aliugua usiku, treni ya mwisho imeshapita. Gari la wagonjwa lilipitia wapi? Juu ya mawimbi?"

Mume alipona, akaishi miaka mingi baadaye. Alilisema hilo huku akimenya chenza, nusu akanipa.

Kisha akataka kujua nina noti gani. Hapo huna pa kununua tiketi: unapandia mlango wa nyuma, unachukua kikaratasi chenye namba, unalipa kwa dereva ukishuka, na mashine yake huchenji noti ya yeni 1,000 tu. Nilikuwa na ya 5,000.

"Nilijua," akasema, akafungua pochi. Alinihesabia noti tano, kisha akaniwekea mkononi na kunitaka nami nihesabu, kwa sauti, kabla treni haijafika.

"Sitaki kesho uje kunidai."