Milima Mitatu ya Yorkshire na Sifa Nisiyoitaka

"Wewe hutapata shida, ninyi mmezaliwa milimani." Maneno hayo aliyasema mwenzangu wa kazi hapa Leeds, Uingereza, mbele ya wote waliokuwa wakinywa chai, nilipojiandikisha kutembea Milima Mitatu ya Yorkshire pamoja na wafanyakazi wengine wa nyumba ya kulelea wazee. Najua alikusudia kunisifu, na ndiyo maana nilinyamaza. Lakini sifa ile ilinikera kuliko tusi, kwa kuwa ilinikabidhi ushindi kabla sijatoka jasho, kisha ikanipokonya jasho lenyewe. Mzungu akimaliza atapongezwa kwa juhudi. Mimi nikimaliza, itasemwa ni damu.

Sisi tuliokulia Marangu tuliuona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri kabla ya mawingu kuufunika, tukaendelea na shughuli zetu. Kuupanda lilikuwa jambo la wageni wanaolipa kwa dola, na kwa jamaa zetu ilikuwa ajira. Mjomba wangu alikuwa mpagazi kwa miaka mingi, na kubeba kilo 20 za vitu vya mtu mwingine hadi kambini si burudani. Nilipompigia simu kumweleza kwamba nitatembea kutwa nzima bila mzigo wa mtu na bila ujira, tena huku nikiwaomba watu wachangie hisani kwa sababu ninatembea, aliuliza kwa upole kama huko kazini wananilazimisha.

Changamoto yenyewe huanzia kwa kawaida katika kijiji cha Horton-in-Ribblesdale. Mtu hupanda Pen-y-ghent yenye mita 694, kisha Whernside yenye 736, kisha Ingleborough yenye 723, na hurudi alikoanzia akiwa ametembea takriban kilomita 39, yote hayo ndani ya saa 12. Msomaji wa Kilimanjaro atacheka, na ana haki, kwani lango la Marangu, ambako safari ya Kibo ndiyo kwanza inaanza, liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapa hakuna atakayeumwa kichwa kwa uhaba wa hewa. Kinachommaliza mtu ni kupanda na kupoteza mwinuko wote alioupata, kisha kuanza upya mara mbili zaidi, hadi jumla ya kupanda ikaribie mita 1,600, huku upepo ukipuliza kutoka upande asioutarajia na udongo wa mboji ukivuta buti.

Kwa hiyo nilifanya mazoezi, na ninalisema hili kwa sauti kwa sababu hakuna aliyetaka kulisikia. Nilipotoka zamu ya usiku nilitembea kwa miguu hadi nyumbani kupitia njia ya kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool; siku za mapumziko nilipanda na kushuka Otley Chevin nikiwa na mkoba uliojaa chupa za maji, na zaidi nilijizoeza kushuka, kwa maana kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja, inapolazimika kuuzuia mwili wote kila hatua.

Siku ya safari tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Pen-y-ghent ina sehemu ya miamba karibu na kilele ambako mikono husaidia miguu, lakini hapo nguvu zilikuwa bado mpya. Kilichonigusa ni daraja la reli la Ribblehead, lenye matao 24, lililojengwa katika miaka ya 1870 na vibarua walioishi na familia zao katika vibanda kwenye nyika ile ile yenye tope. Wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui, na wamezikwa katika uwanja wa kanisa la Chapel-le-Dale. Wenzangu walipiga picha za matao. Mimi nilimfikiria mjomba, na jinsi mahali pa starehe ya watu mara nyingi palivyokuwa kwanza mahali pa kibarua cha wengine.

Whernside ni ndefu na ya kuchosha akili, sina zaidi la kuisema. Ingleborough ndiyo iliyonipima, kwa kuwa ule mpando mkali unakuja wakati miguu imeshakata tamaa, na baada ya kilele bado kuna safari ndefu ya kushuka juu ya mawe ya chokaa yanayoteleza. Yule aliyeniambia nimezaliwa milimani alikuwa ameishia Ribblehead, akapanda gari. Nilimaliza ndani ya muda, nikiwa na malengelenge miguu yote miwili, na sioni aibu kusema nilijivuna.

Kwa vijana mnaopanga kuja huku: mambo haya hayana lango wala kiingilio, na hakuna kiongozi wa lazima. Njia inakatiza malisho ya kondoo ya watu, na sheria inakupa haki ya kupita, jambo ambalo kwetu lingemtoa mwenye shamba na panga. Lakini uhuru huo maana yake unajitunza mwenyewe. Msivae jinzi wala fulana ya pamba, hata Juni, kwani pamba ikilowa na upepo ukavuma, baridi inaingia mwilini haraka. Bebeni koti la mvua, ramani, dira na filimbi. Ishara ya kuomba msaada ni kupuliza mara 6 ndani ya dakika moja, kisha kunyamaza dakika moja na kurudia. Simu ikishika mtandao, piga 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Eneo hili wanaokuja ni watu wa kujitolea kutoka kijiji cha Clapham, ambao kikosi chao kilianzishwa mwaka 1935, na hawamtozi mtu hata senti. Buti nunueni zilizotumika, zipo nyingi na nzuri.

Mwakani nakusudia kurudi peke yangu. Ratiba ya mazoezi nimeibandika kwenye ubao wa matangazo kazini, chini ya picha yangu ya kileleni ambayo mtu aliiandikia "kipaji cha asili".